Chumvi Haipandi na Mvuke: Hesabu Mbili za Kugeuza Maji ya Bahari Kuwa Maji Matamu

Kiangazi kilichopita bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu, pwani ya kusini Unguja, aliniita nionje chai yake. "Mwanangu, haya maji nimeyachemsha nusu saa nzima," akasema. "Nimeambiwa ukichemsha sana, chumvi inatoka. Mbona imezidi?" Nikaonja. Kweli ilikuwa imezidi. Kisima anachoteka kilikuwa kitamu alipoletwa pale bibi harusi, na sasa kina chumvi inayosikika ulimini hata ukitia sukari.

Siku zile zile barazani kulikuwa na ubishi mwengine. Mmoja alisema hoteli kadhaa za pwani ya mashariki zinageuza maji ya bahari, basi kwa nini visiwa vizima visifanye hivyo, na bahari ni ya Mungu, haiuzwi? Wa pili akasema umeme wote utaishia huko. Wa tatu akauliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo bora kuliko yote: chumvi yenyewe watakwenda kuimwaga wapi? Walibishana mpaka adhana, na hakuna aliyeshika kalamu. Nami naamini ubishi ule ungekwisha kwa robo saa, kwa sababu majibu yote matatu yamo ndani ya hesabu mbili ambazo mtoto wa skuli ya sekondari anaziweza.

Hesabu ya kwanza ni mizania ya uzito. Maana yake: kilichoingia lazima kionekane, ama kimetoka, ama kimebaki. Mwenye duka aliyepokea magunia kumi ya mchele akauza saba, lazima matatu yawepo ghalani, na kama hayapo basi kuna mlango ambao hakuuona. Hesabu ya pili ni mizania ya nishati, nayo ni daftari lile lile, ila badala ya kilo tunaandika joto au umeme. Nishati nayo haipotei hewani bila ya kuacha alama.

Kuna maneno matatu ya kuyaweka sawa kabla ya kuendelea. Kuvukiza ni kuyafanya maji yawe mvuke, kwa moto au kwa jua na upepo. Kukeneka ni kuvukiza kisha kuupoza ule mvuke urudi kuwa maji, ukayakinga matone yake. Na yale yanayobaki chini baada ya maji matamu kutolewa, yenye chumvi nyingi kuliko bahari, hapa nitayaita maji makali.

Turudi kwenye sufuria la bi mkubwa, lakini tulitie maji ya bahari ili hesabu ionekane wazi. Kilo 1 ya maji ya bahari yetu ina chumvi gramu 35 hivi. Kilo 10 zina gramu 350. Zichemshe bila ya mfuniko mpaka nusu imekauka. Kilo 5 zimepanda juu kama mvuke, na mvuke ni maji matupu. Chumvi haipandi nao. Kwa hiyo sufuriani zimebaki kilo 5 na gramu zile zile 350, yaani gramu 70 kwa kila kilo. Ukali umekuwa maradufu. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa hilo tusiache kuchemsha, lakini chumvi kunaizidisha. Maji matamu aliyoyataka bi mkubwa yalikuwa yanatoka dirishani.

Wengine hudhani kitambaa, mchanga au mkaa vitaikamata. Chujio la chai linakamata majani, wala halijawahi kukamata sukari, kwa sababu sukari imeshayeyuka na kuwa sehemu ya chai. Chumvi ndani ya maji iko hivyo hivyo.

Basi kwa nini tusiukinge mvuke? Tunaweza, na watu wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Ila hapa ndipo daftari la pili linapofunguliwa, na ndipo watu wengi wanapopotea.

Kuipasha kilo 1 ya maji kwa digrii 1 kunahitaji kilojuli 4.2 hivi. Maji ya mfereji kwetu yana digrii kama 28. Kuyafikisha 100 ni digrii 72, sawa na kilojuli 302. Hapo yanaanza kutokota. Sasa weka kipimajoto ukiangalie: kimesimama pale pale kwenye 100. Moto unawaka, makaa yanateketea, na kipimo hakisogei. Hilo joto linakwenda wapi? Linakwenda kuzibandua chembe za maji, ambazo huvutana na kushikana, ili zipate kuruka kama mvuke. Kazi hiyo peke yake inakula kilojuli 2,257 kwa kila kilo, yaani mara saba na nusu ya kilichotumika kuyafikisha kwenye kutokota. Vitabu vya skuli huliita joto fiche, na jina limefaa, maana kipimajoto hakilioni.

Wapishi wanalijua. Aliyewahi kufunua sufuria la pilau akapigwa na mvuke mkononi anajua kuwa mvuke unaunguza kuliko maji ya moto ya digrii zile zile. Mvuke ukigusa ngozi hurudi kuwa maji, na unaporudi hulitema lote lile joto fiche ulilolimeza jikoni. Na mtungi wa udongo nao ni shahidi kwa upande wa pili. Maji hupenya polepole kwenye udongo, yakatoka nje ya mtungi na kukauka kwa upepo, na kwa kuwa hakuna moto wa kuyalipia, joto la kukaukia huchukuliwa kwenye mtungi wenyewe. Ndiyo maana maji ya ndani yanapoa bila ya friji.

Sasa tufanye hesabu ya ndoo moja ya lita 20. Kuipasha ni kilojuli 6,000 na kitu. Kuivukiza yote ni kilojuli 45,000 na zaidi. Jumla inafika 51,000. Yuniti 1 ya umeme tunayoinunua kwa tukuza, yaani mita ya kulipia kabla, ni kilojuli 3,600. Kwa hiyo ndoo moja ya maji yaliyokenekwa hivi hivi, bila ya ujanja wowote, inakula yuniti 14. Kwa makaa, hata kama joto lote lingeingia sufuriani ungetaka karibu kilo 2, na jiko la makaa la kawaida linapoteza joto kubwa pembeni, kwa hiyo ungetumia zaidi ya hizo mara kadhaa. Kwa ndoo moja tu.

Hapa mtu wa barazani atasema: jua je? Jua ni bure. Ni kweli, na Pemba wanalitumia kila kiangazi. Mashamba ya chumvi ya Pemba ni mitambo mikubwa ya kuvukiza, ingawa hayana hata bomba moja la chuma. Tani 1 ya maji ya bahari ikiingia shambani ina kilo 35 za madini ya kila aina, na katika hizo chumvi ya kula ni kama kilo 27. Chumvi hiyo haianzi kuganda mpaka maji yamepungua na kubaki karibu moja ya kumi. Maana yake kilo 900 za maji lazima zikauke kwanza. Kwa joto la mchana wetu kila kilo inakula kilojuli 2,430 hivi (maji yasiyofika kwenye kutokota yana joto fiche kubwa kidogo zaidi), kwa hiyo jumla ni sawa na yuniti 600 za umeme. Yuniti 600 kwa chumvi isiyojaza gunia la kilo 30! Lau mwenye shamba angetumiwa bili na jua, hakuna ambaye angelima chumvi.

Mizania hiyo hiyo inaeleza hasara yao. Tuseme shamba linakausha milimita 5 kwa siku, sawa na kilo 5 kwa kila mita ya mraba. Mvua moja ya vuli ya milimita 20 inatia kilo 20 kwa kila mita ya mraba. Saa moja imefuta kazi ya siku nne, na kama fuwele zilikuwa zimeshaanza kukaa chini, zimeyeyuka tena. Tena siku za mwisho kabla ya kuvuna huwa nzito, kwa sababu maji yakishakolea chumvi hukauka kwa uvivu; chumvi huyazuia maji yasitoke. Watu wanaokaa na mashamba haya wanastahiki heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Lakini shamba la chumvi linaitaka chumvi na kuyaachia maji. Sisi tunayataka maji. Tukifunika beseni la maji ya bahari kwa kioo kilicholala mshazari, mvuke utarudi kuwa maji chini ya kioo na matone yatateremka kwenye mfereji mdogo pembeni. Kifaa hiki kinafanya kazi kweli. Jua la kwetu huleta kama yuniti 5 kwa mita ya mraba kwa siku, yaani kilojuli 18,000. Gawa kwa 2,430, unapata kilo 7 na kidogo, na huo ndio ukomo endapo hakuna joto lolote litakalotoroka. Kwa kawaida hutoroka nusu au zaidi, ukabakiwa na lita 3 au 4. Kwa mlinzi wa mnara au familia iliyo kisiwa kidogo, lita hizo ni uhai. Kwa kijiji chenye watu 2,000 wanaotumia lita 50 kila mmoja, unahitaji lita 100,000 kwa siku, na vioo vyake vitataka karibu hekta 3 za ardhi. Anayekwambia jua litamaliza tatizo kwa vifaa vya namna hii hakupima uwanja.

Kuna mahala Pemba ambapo kukeneka kunafanyika kwa kiwanda: Wawi, Chake Chake, kwenye kiwanda cha makonyo. Mvuke hupitishwa kwenye makonyo ya karafuu, ukachukua mafuta, kisha ukapozwa ili mafuta yatengane na maji. Chochote kinachokenekwa kwa mvuke kina hesabu ambayo wageni hushangaa wakiiona: kilo 1 ya mvuke, ili irudi kuwa maji, lazima iliteme lile joto lake la kilojuli 2,257, na ukitaka maji ya kupoza yasipande zaidi ya digrii 20, unahitaji kilo 27 za maji ya kupoza. Ishirini na saba kwa moja. Joto lote ulilolinunua kwa kuni au mafuta limehamia kwenye maji ya kupoza, na ukiyamwaga umelimwaga nalo.

Wazo kubwa la kuokoa gharama lilitoka hapo hapo, na lilitoka kwenye sukari. Anayepita Mahonda, hapa Unguja, anaiona miwa. Maji ya miwa ni maji hasa, sukari yake ni kama asilimia 15. Ili kilo 100 ziwe shira yenye sukari asilimia 60, sukari ni kilo zile zile 15, kwa hiyo shira itakuwa kilo 25 na lazima kilo 75 zivukizwe. Kabla ya miaka ya 1840, viwanda vya Louisiana, Marekani, vilichemsha haya kwenye masufuria ya wazi, moto baada ya moto, na kazi ile ya kuunguza ilifanywa na watumwa. Norbert Rillieux, mhandisi aliyezaliwa New Orleans na mama mwenye asili ya Afrika, akatoa jawabu: mvuke unaotoka sufuria la kwanza usiachwe uende, upashe la pili, wa la pili upashe la tatu. Ili la pili lichemke kwa mvuke uliopoa kidogo, hewa ya ndani yake hupunguzwa, kwa sababu shinikizo likishuka, maji hutokota kwa digrii ndogo. Kilo 1 ya mvuke wa boila, kwa masufuria matatu, huvukiza karibu kilo 3. Hajaumba nishati, ameitumia ile ile mara tatu kabla ya kuiacha iende. Mitambo mikubwa ya kukeneka bahari katika nchi za Ghuba imejengwa juu ya wazo hilo la kulitumia joto fiche tena na tena, nayo hupata kilo 8 au 10 za maji matamu kwa kilo 1 ya mvuke.

Sasa zile mashine za kugeuza maji ya bahari zinazofungwa siku hizi hazivukizi kabisa. Ndiyo siri yao. Kama joto fiche ndilo ghali, basi usiyageuze maji kuwa mvuke.

Kazi yake ifahamike kwa achari. Ukikata embe mbichi ukaitia chumvi, baada ya muda unakuta maji yamejaa bakulini. Hukuyatia wewe, chumvi imeyavuta kutoka ndani ya embe, yakapenya ngozi za chembe zake ambazo hupitisha maji na kuizuia chumvi. Maji matamu hupenda kuufuata upande wa chumvi. Mashine inalazimisha kinyume chake: inayasukuma maji ya bahari kwenye utando mwembamba kwa nguvu kubwa mpaka maji yapenye upande wa pili na kuiacha chumvi. Nguvu ya kuvuta ya chumvi ya bahari ni bar 27 hivi (bar ni kipimo cha shinikizo). Tairi la gari lina bar 2 na nusu. Kuishinda bar 27 na kupata maji kwa kasi inayofaa, pampu hufanya kazi kwenye bar 55 mpaka 70.

Na hapa kuna jambo la kuwajibu wanaouza ndoto za mashine "isiyotumia umeme". Kusukuma tani 1 ya maji dhidi ya bar 27 ni kilojuli 2,700, sawa na robo tatu ya yuniti. Hiyo ni bei ya maumbile yenyewe, na hakuna fundi atakayeipunguza. Mitambo mizuri ya leo inatumia yuniti 3 mpaka 4 kwa tani. Linganisha na kuchemsha: tani moja ni ndoo 50, mara yuniti 14, zaidi ya 700. Ndoo yako ya lita 20 imeshuka kutoka yuniti 14 mpaka 0.07, sawa na balbu ya wati 10 iliyowaka saa saba.

Tuiweke hesabu hii kwenye umeme wetu, maana wa pili barazani alikuwa na hofu ya haki. Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, mpaka Fumba. Waya ulipoharibika 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, na kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 miezi mitatu, na pampu za visima ziliposimama tulijua kwamba maji na umeme ni ndugu. Waya mpya wa megawati 100 ukaja 2013. Sasa tuseme mji wa watu 20,000 unataka tani 1,000 za maji kwa siku. Kwa kuchemsha tu, ungekula karibu megawati 30 mchana na usiku, kama theluthi ya waya ule. Kwa mashine ya utando, kilowati 150 hivi. Kwa hiyo hofu ya kuwa umeme wote utaishia huko haina msingi, lakini na yule anayesema bahari ni bure naye hana msingi: yuniti 3,500 kila siku ni bili ambayo lazima ilipwe na mtu, pamoja na tando za kubadilisha na mafundi wa kuzitunza.

Kwa upande wangu, ningeanza na visima kabla ya bahari. Chini ya visiwa hivi maji ya mvua yameelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi kidogo: lita ya bahari ina kilo 1.025. Kwa tofauti hiyo ndogo, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inasimama juu ya mita 40 hivi za maji matamu zilizo chini yake. Ukivuta pampu mpaka ukaishusha ile mita 1, bahari baada ya muda hupanda kwa mita 40 kutoka chini. Hivyo ndivyo kisima cha bi mkubwa kilivyoharibika. Na maji ya kisima chenye chumvi gramu 3 kwa kilo yana nguvu ya kuvuta ya bar 2 tu, si 27. Kuyasafisha ni rahisi mno kuliko bahari. Kuyatunza yasiharibike ni rahisi zaidi.

Limebaki swali la yule wa tatu. Kilo 100 za bahari zikiingia kwenye mashine, kilo 40 hutoka tamu, na kilo 60 hutoka na karibu chumvi yote, kilo 3.5. Hiyo ni gramu 58 kwa kilo. Haya ndiyo maji makali, nayo ni mazito kuliko bahari, kwa hiyo hayaelei. Huzama na kutambaa chini. Ili tani 1 yake irudi mpaka gramu 36, ambazo viumbe vingi vya pwani huzizoea, inahitaji kuchanganyika na tani 22 za maji ya bahari. Nje ya mwamba wa matumbawe, penye mkondo, tani 22 zinapita kwa kufumba na kufumbua. Ndani ya mwamba ni mambo mengine, hasa siku za maji mafu, bahari inapocheza kidogo, na pale kwenye mchanga wanawake wamefunga kamba zao za mwani wakiwa wamesimama kwenye maji ya magotini. Ukiuona mpira wa kumwagia umeishia hapo, uliza tani 22 zitatoka wapi.